"Nzuri, ila...": Usanii wa Salamu na Soga za Asubuhi za Wazee wa Tarime na Serengeti

Ikisiri

Uainishaji wa fasihi simulizi ya Kiswahili unaitambua soga kuwa kipera cha mazungumzo, lakini salamu zinazoitangulia huachwa nje kwa kudhaniwa kuwa ni maneno matupu ya kufungulia mlango. Makala hii inahakiki dhana hiyo kwa kutazama maongezi ya asubuhi ya wazee marafiki katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hoja yake ni kwamba mahali ambapo usiku una matukio yake, swali la "za usiku?" huuliza jambo la kweli, na mpangilio wa majibu yake ndio unaoipa soga ruhusa ya kuchekesha. Kuitenga salamu na soga ni kuukata utungo katikati.

1.0 Utangulizi

Katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi", iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, Mulokozi aliigawa fasihi simulizi kwa kuzingatia umbile na muktadha wa tungo, akapata tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Soga imo ndani ya utanzu wa kwanza. Mulokozi aliweka pia sharti kwamba si kila mazungumzo ni fasihi. Yanayostahili jina hilo ni yale yenye usanii. Sharti hili ni la haki, kwani bila hilo kila neno linalotamkwa sokoni au kisimani lingekuwa fasihi. Hata hivyo, linaacha swali moja bila jibu: ndani ya mazungumzo yenye usanii, usanii huo unaanzia wapi?

Mazoea ya wahakiki hujibu kwamba unaanzia pale mzaha au kisa kinapoanza. Kwa sababu hiyo, mikusanyo mingi ya fasihi simulizi huanza salamu zinapoishia. Mtafiti huwasalimu wazee, hukaa, kisha ndipo huwasha kinasa sauti. Yaliyosemwa kabla ya hapo hayaandikwi.

Mazoea haya yana mhimili wa kinadharia katika isimu. Malinowski, katika insha yake ya mwaka 1923, alieleza kuwa yapo maongezi ambayo lengo lake si kupashana mawazo bali kuwaunganisha watu kwa tendo lenyewe la kusemezana. Salamu na maneno kuhusu hali ya hewa aliyaweka katika kundi hilo. Mwaka 1960 Jakobson aliiingiza dhima hiyo katika orodha yake ya dhima sita za lugha, na tangu hapo imekuwa kawaida kusema kwamba anayeuliza "habari za asubuhi" hahitaji habari. Makala hii haipingi kwamba salamu huunganisha watu. Inapinga hitimisho kwamba, kwa kuwa huunganisha, basi haina maudhui.

2.0 Usiku kama habari

Mto Mara unazitenganisha wilaya za Tarime, upande wa kaskazini, na Serengeti, upande wa kusini. Tarime inapakana na Kenya, na wakazi wake wengi ni Wakurya. Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, ina Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo, nayo inapakana na maeneo makubwa ya hifadhi. Kwa wengi wa wakazi hao, Kiswahili ni lugha ya pili inayotumiwa pamoja na lugha ya nyumbani, na maongezi ya asubuhi huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila taabu.

Katika pande zote mbili za mto, usiku si muda wa kulala tu. Upande wa Tarime, wizi wa mifugo una historia ndefu. Fleisher (2000) ameonesha jinsi wizi huo ulivyotoka katika uvamizi wa kimila na kuwa biashara inayovuka mpaka wa nchi mbili. Ng'ombe huchukuliwa usiku. Asubuhi ndipo boma huhesabiwa. Upande wa Serengeti, vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1951, na karibu na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, hutembelewa na tembo. Shamba lililolindwa kwa miezi minne linaweza kumalizwa kwa saa chache kabla ya alfajiri.

Kwa mzee wa huku, basi, swali la "usiku umepitaje?" linaulizwa na mtu ambaye naye alikuwa na usiku wake wa kusikiliza. Anayeuliza anajua kwamba jibu linaweza kumtoa kitini. Nadharia inayosema kuwa swali hili halihitaji jibu imetungwa kana kwamba usiku wa watu wote ni mmoja.

3.0 Mahali pa "ila"

Mfano ufuatao umeundwa kwa ajili ya uchambuzi. Unafuata mwenendo wa kawaida wa salamu za wazee wanaozoeana, kwa Kiswahili, katika kijiji kinachopakana na hifadhi.

A: Mura, umeamkaje?
B: Nimeamka. Wewe je?
A: Salama. Za usiku?
B: Nzuri.
A: Mama watoto?
B: Mzima.
A: Na ng'ombe?
B: Wamelala wote, wameamka wote.
A: Mahindi yamesimama?
B: Yamesimama, ila wale wakubwa walipita upande wa mtoni.
A: Wakubwa! Wengi?
B: Nyayo zao nimeziona, hesabu sikuimaliza. Wamekula kama wageni wa harusi.
A: Nawe ukawakaribisha?
B: Niliwapigia debe mpaka mkono ukachoka. Nadhani walifikiri wanagombea udiwani.

Kwa uainishaji wa kawaida, soga inaanzia kwenye neno "wageni wa harusi", palipo na tashbihi ya kwanza. Mzaha wa mwisho umejengwa juu ya maana mbili za "kupiga debe": kugonga bati ili kufukuza wanyama, na kumnadi mgombea. Yote yaliyotangulia yangefutwa bila hasara. Uchunguzi wa karibu unaonesha kinyume chake.

Kwanza, maswali yamepangwa kwa ngazi. Yanaanza na mtu anayesalimiwa, yanapita kwa watu wa nyumba yake, yanafika kwenye mifugo, kisha kwenye mazao. Ni mpangilio wa thamani: kile ambacho hakiwezi kurudishwa kinaulizwa kwanza. Pili, kiunganishi "ila" kinaweza kuingia katika ngazi yoyote, na mahali kinapoingia ndipo penye habari. "Mzima, ila..." baada ya kuulizwa mama watoto inafungua mazungumzo ya ugonjwa. "Wazima, ila..." baada ya ng'ombe inafungua mazungumzo ya wizi au maradhi ya mifugo. Msikilizaji husikiliza "nzuri" huku akiingoja "ila".

Tatu, na hili ndilo la msingi, "ila" ya B imekuja katika ngazi ya mwisho. Kufikia hapo A ameshajua kwamba mwenzake yu hai, mkewe ni mzima na zizi limejaa. Kilichopotea ni mahindi. Ni hasara kubwa kwa mzee asiye na ghala jingine, lakini ni hasara ambayo marafiki wanaweza kuichekea. Kama B angeanza na mzaha wa harusi kabla ngazi za juu hazijapitiwa, A asingejua kama anaruhusiwa kucheka. Salamu, kwa maneno mengine, ndiyo iliyotoa kibali cha kicheko. Mzaha wa debe haujitegemei. Umesimama juu ya "nzuri" na "mzima" zilizoutangulia, kama paa juu ya kuta.

Ndiyo maana jibu la "nzuri" kwa swali la usiku si uongo, ingawa usiku wenyewe ulikuwa wa hasara. Limejibu swali la ngazi yake: hakuna aliyekufa. Wageni wanaoshangazwa na mazungumzo ya Kiswahili ambamo mtu husema "nzuri" kisha akatangaza msiba hukosa kuona kwamba "nzuri" ni nafasi katika mpangilio kabla ya kuwa tathmini ya hali. Humpa msemaji muda wa kuchagua pa kuiweka habari yake, na msikilizaji muda wa kujiandaa kuipokea.

4.0 Nani anamwamkia nani

Usanii wa mazungumzo haya upo pia katika namna wazee wanavyoitana. Kiswahili sanifu kinampa mkubwa "shikamoo" naye hujibu "marahaba", na kipimo chake cha kawaida ni umri au cheo. Kati ya wazee wa rika moja salamu hiyo haina mahali. Hata hivyo, miongoni mwa Wakurya umri si kipimo pekee. Ruel (1962) ameeleza mfumo wa vizazi ambamo mtu huingia katika kizazi chake kwa kufuata kizazi cha baba yake, bila kujali mwaka aliozaliwa. Wanaume wawili waliotahiriwa msimu mmoja wanaweza kwa hesabu ya kizazi kuwa baba na mwana. Adabu ya vizazi vinavyofuatana ni ya heshima na kujizuia. Urafiki wa rika ni wa utani na uhuru. Mzee mmoja anaweza kudaiwa adabu zote mbili na mtu yuleyule.

Neno "mura" linapaswa kusomwa katika mvutano huo. Kwa Kikurya, omomura ni kijana aliyekwisha kutahiriwa, na "mura" ndiyo namna ya kumwita. Katika Kiswahili cha Tanzania neno hili limekuwa alama ya Mkurya kwa jumla, mara nyingi kwa dhihaka. Mzee wa miaka sabini anapomwita mwenzake "mura" hafanyi dhihaka wala hasahau umri wake. Anachagua, kati ya mahusiano yote yaliyopo baina yao, lile la siku walipoingia utu uzima. Kwa neno moja anaweka kando swali la nani ni baba wa nani, na kuifungua nafasi ambamo mzaha wa debe unawezekana.

Irvine (1974), katika uchunguzi wake wa salamu za Wawolof wa Senegali, alionesha kwamba wasalimianaji hushindania nafasi, na kwamba kujishusha kunaweza kuwa mbinu ya kujinufaisha. Kazi hiyo ilivunja dhana ya salamu tupu kwa kuonesha siasa iliyomo ndani yake. Mfano wa "mura" unaongeza jambo: salamu inaweza pia kuwa makubaliano ya kutoshindana, na makubaliano hayo huhitaji ufundi usiopungua ule wa ushindani.

5.0 Pingamizi na mipaka

Pingamizi la kwanza ni kwamba hoja hii inathibitisha tu kuwa salamu ina habari, na habari si fasihi. Ni kweli kwamba habari pekee haitoshi. Lakini kilichochambuliwa hapa ni mpangilio wa ngazi, ucheleweshaji wa makusudi, usambamba wa "wamelala wote, wameamka wote", tafsida ya "wale wakubwa", na hadhira inayojua pa kungoja. Hizi ndizo sifa ambazo wahakiki huzitafuta katika ngano na kuziita usanii. Hazipotezi jina hilo kwa kutokea kabla ya saa mbili asubuhi.

Pingamizi la pili ni kwamba salamu ndefu zipo kote katika nchi za Waswahili. Hilo nalo ni kweli, na makala haidai upekee. Tarime na Serengeti zinasaidia kwa sababu hatari za usiku zinayaweka wazi yale ambayo kwingine yamefichika. Lugha yenyewe inashuhudia: kusema kwamba watu fulani "hawasalimiani" ni kusema kwamba ni maadui. Malinowski aliliona hili kwa kiasi fulani aliposema kuwa ukimya wa mgeni hutia hofu. Ila yeye aliona tu uzi unaokatika. Katika vijiji ambamo koo zimewahi kupigana, asiyesalimiwa hukosa pia taarifa za usiku: njia waliyopita wezi, upande walikotokea tembo.

Mpaka mmoja wa hoja unapaswa kutajwa. Mfano uliochambuliwa ni wa wanaume, na neno "mura" ni lao. Wanawake wazee wana maongezi yao ya asubuhi, njiani kwenda kisimani na shambani, na ngazi za maswali yao huenda zimepangwa vingine. Uchunguzi wake unahitaji makala yake.

6.0 Hitimisho

Shetler (2007) ameonesha kwamba kumbukumbu za wazee wa magharibi mwa Serengeti zimefungamana na mahali: vilima, chemchemi na mahame, ambayo mengi sasa yamo ndani ya hifadhi. Tembo anayekula mahindi ya B anatoka katika ardhi ambamo mababu wa wazee hao waliishi. Hayo yote hayasemwi katika salamu, lakini wote wawili wanayajua, na "upande wa mtoni" inatosha kuyaamsha. Mtafiti anayewasha kinasa sauti baada ya salamu ataipata historia kwa kuiuliza, na ataikosa pale inapojitokeza yenyewe.

Pendekezo la makala hii kwa uainishaji wa fasihi simulizi ni dogo: salamu na soga za wazee marafiki zihesabiwe kuwa utungo mmoja, wenye mwanzo katika "umeamkaje". Kwa wakusanyaji, pendekezo ni la vitendo zaidi. Kinasa sauti kiwashwe mapema, kwa ridhaa ya wahusika, kabla ya mtu yeyote kukaa. Jambo hili lina haraka yake. Utungo huu unahitaji watu wawili waliozeeka pamoja, na asubuhi ambayo mmoja wao hatatokea, mwenzake hatakuwa na mwingine wa kumwita "mura" kwa maana ileile.