Kujibu kwa Hesabu ya Vidonge

Juni 2001, Andrew Natsios, mkuu mpya wa shirika la misaada la Marekani, USAID, aliulizwa kwa nini serikali yake inasita kugharimia dawa za UKIMWI barani Afrika. Alitaja barabara mbovu na upungufu wa madaktari, mambo ambayo hakuna aliyeweza kuyabisha. Kisha akaongeza sababu iliyozunguka dunia nzima: Waafrika wengi hawajawahi hata kuona saa, wanajua asubuhi, mchana, jioni na usiku tu, kwa hiyo dawa za kumezwa kwa saa maalumu hawataziweza.

Hizo hazikuwa porojo za kijiweni. Miezi minne kabla yake, kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imejitolea kuuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, wakati katika nchi tajiri mgonjwa mmoja aligharimu dola 10,000 au zaidi. Kisingizio cha bei kilikuwa kinaporomoka, na cha saa kikaja kushika nafasi yake. Wapo waliokisukuma mbele zaidi: mgonjwa akiruka dozi, virusi huzoea dawa, basi kuipa Afrika dawa ni kuihatarisha dunia. Aliyetaka kujibu alikuwa anajibu hoja iliyoshikilia uhai wa watu.

Palikuwa na jibu jepesi, nalo ni hasira. Wengi walilitumia, wengine walimtaka mzee huyo ajiuzulu. Palikuwa pia na jibu tamu. Hapa Ruharo, mjini Mbarara, Uganda, sawa na Mombasa, jua likichomoza saa zinaanza kuhesabiwa upya, na anayeambiwa saa mbili asubuhi hahitaji kuelezwa mara mbili. Jibu hilo leo lingepigiwa makofi kwenye grupu lolote la WhatsApp. Lakini lingethibitisha tu kwamba saa tunaijua, bila kugusa habari ya kidonge kumezwa au kutomezwa. Watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani walishika njia ya tatu, ndefu na isiyo na makofi, na kwangu mimi hakuna mfano bora zaidi wa ufundi wa kukanusha.

Kwanza waliyachambua madai yenyewe. Ndani yake mlikuwa na dharau, mlikuwa na siasa za bajeti, na mlikuwa na jambo moja tu linaloweza kupimwa: kwamba mgonjwa wa Kiafrika hatameza dawa kama alivyoandikiwa. Wakalishika hilo, mengine wakayaacha yapite. Ni uamuzi mgumu kuliko unavyoonekana, maana dharau ndiyo inayochoma, na ulimi hukimbilia panapouma.

Kisha wakaenda Kampala, kwa wagonjwa waliokuwa wakinunua kwa fedha zao kidonge kiitwacho Triomune, dawa tatu ndani ya kimoja, asubuhi na jioni. Kundi lao, alimokuwamo David Bangsberg, halikutosheka na kipimo kimoja. Waliwauliza wagonjwa kuhusu siku tatu zilizopita. Waliwapa mstari wa kutoka sifuri hadi mia waweke alama panapostahili. Waliwapa chupa zenye kifuniko cha kielektroniki kinachoandika kila mara kinapofunguliwa. Na waliwatembelea nyumbani bila taarifa, wakahesabu vidonge vilivyobaki.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa kidogo. Kila kipimo kati ya hivyo kina namna yake ya kudanganya, nao walilijua hilo tangu mwanzo. Mgonjwa akiulizwa na daktari hupenda kumfurahisha, kwa hiyo maneno yake huelekea kuzidisha. Kifuniko hupunguza: anayesafiri akatoa dozi mbili kwa mpigo huonekana ameruka moja. Anayetarajia mgeni anaweza kumwaga vidonge ili hesabu ikae sawa, ndiyo maana ziara ilikuwa ya kushtukiza. Kipimo kimoja peke yake mpinzani angekipangua kwa dakika mbili. Lakini vinne, vyenye udhaifu usiofanana, vilipokubaliana, hapakubaki pa kuchomokea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na vyote vilionyesha dozi zilizomezwa ni zaidi ya asilimia 90. Kundi lilikuwa dogo, watu 34 tu, na hawakulificha hilo.

Waliofuata hapa Mbarara walikaza uzi zaidi. Kuanzia mwaka 2005, wagonjwa wa kliniki ya hospitali ya rufaa walifuatiliwa kwa miaka, na baadaye watafiti wakajaribu kijisanduku cha dawa kinachotuma ishara kupitia mtandao wa simu kila kinapofunguliwa. Teknolojia ambayo Natsios angeapa haitufai ikawa shahidi dhidi ya kauli yake.

Mwaka 2006 ikaja hatua ambayo wakanushaji wengi huisahau: kumpima na anayetupima. Mtafiti Edward Mills na wenzake walikusanya tafiti za pande zote mbili na kuzichapisha katika jarida la JAMA. Waliofuata dozi ipasavyo kusini mwa Sahara walikuwa asilimia 77. Amerika Kaskazini, kwenye saa kila ukutani, walikuwa asilimia 55. Mtu wa mitandaoni angeishia hapo na kusherehekea. Ubishi ulikuwa umekwisha na upande wetu umeshinda.

Watafiti waliuliza swali jingine: kwa nini? Norma Ware na wenzake waliwahoji watu 252 katika miji mitatu, Jos ya Nigeria, Dar es Salaam na Mbarara yetu: wagonjwa, wasaidizi wao na wahudumu wa afya. Ripoti yao ya mwaka 2009 inasomeka kama habari za majirani. Mgonjwa anakopa nauli. Ndugu anajinyima ili mwenzake afike kliniki. Na aliyesaidiwa hivyo anajua kwamba akiacha dawa atakuwa amemwangusha aliyemsaidia, na kesho akihitaji tena hatakuwa na uso wa kuomba. Kilichoisimamia dozi ni deni la utu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja wakati watu wakibishana kuhusu saa.

Tena hawakuficha kilichoenda kinyume na ushindi wao. Kampala walikuta wagonjwa wakikatiza dawa kwa siku kadhaa mfululizo, na mapengo hayo ndiyo yaliyowapa virusi mwanya wa kuzoea dawa. Hofu ya wapinzani haikuwa ya kubuni. Ila chanzo chake kilikuwa mfuko kutoboka: fedha za kununulia zimekwisha, basi dawa nazo zimekwisha. Mbarara kikwazo kikawa nauli. Dawa ni bure, lakini kliniki iko mbali na kijiji. Watafiti wakajaribu kuwapa baadhi ya wagonjwa nauli ya kuja kliniki, na waliopewa wakadumu kwenye matibabu zaidi. Kauli ya dharau ya mwaka 2001 ikawa imezaa jambo ambalo mganga mkuu anaweza kulifanyia kazi.

Kazi hiyo yote ilichukua karibu miaka kumi kujibu maneno ya dakika moja. Mwanaprogramu wa Kiitaliano Alberto Brandolini alisema mwaka 2013 kwamba kuufuta upuuzi kunahitaji nguvu mara kumi ya zile za kuutunga, na bila shaka alikuwa mpole. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; hawakuwa na simu.

Simu ndiyo inayosumbua Nakivale. Makazi hayo, wilayani Isingiro kusini-mashariki mwa Mbarara, yanapokea wakimbizi tangu mwaka 1958, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazounganisha Wakongo, Warundi na wengine wengi waliomo. Uvumi unaopendwa kule ni wa safari: nafasi za kwenda Canada au Marekani zimefunguliwa, tuma pesa kwa namba hii jina lako liingie. Jibu la UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, linajulikana na ni la kweli: huduma zake zote ni bure, na nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu hainunuliwi. Hata hivyo uvumi hurudi.

Hurudi kwa sababu jibu hilo limeishia kwenye hatua ya hesabu, bila kuuliza kwa nini. Kila mwaka wanaopata nafasi hiyo duniani hawafiki hata asilimia moja ya wakimbizi wote, na aliyesubiri miaka kumi na tano hamwamini tapeli kwa ujinga. Anamwamini kwa kuwa tapeli peke yake ndiye anayemzungumzia kesho yake. Ukimwambia ni uongo, ukaishia hapo, umemnyang'anya kesho hiyo bila kumwachia kitu.

Mkanushaji aliyejifunza kutoka Mbarara angeanza na kinachopimika: ile namba ya simu ni ya nani, ofisi gani rasmi imewahi kupokea fedha kupitia namba ya mtu binafsi, nani kati ya waliolipa mwaka jana ameondoka. Hayo angeyauliza mbele ya watu, bila kumwita yeyote mpumbavu, kwa kuwa aliyetuma pesa yumo humo humo kwenye grupu na anasoma. Baada ya hapo angetaja dawati la malalamiko liko wapi, mkimbizi anaulizia wapi hali ya faili lake, na vigezo vya uteuzi ni vipi, hata kama vinakatisha tamaa. Kazi hiyo haitampa jina, na wiki ijayo uvumi utakuja na namba mpya. Ila aliyemsikiliza atakuwa na pa kwenda kuuliza kabla ya kutuma pesa.