Silikanti: Jina, Mshipi na Jarife

Miongoni mwa istilahi za elimu ya viumbe zilizoenea pwani yetu katika karne hii ni "silikanti". Hilo ni jina la samaki wa kina kirefu ambaye mchana hujificha katika mapango ya miamba, mita mia moja na zaidi chini ya maji, na usiku hutoka kuwinda. Twapenda kulipima jina hili pamoja na maneno yanayoandamana nalo.

Asili ya neno ni Kigiriki, na maana yake ni "mwiba wenye uwazi ndani". Wataalamu wa karne ya 19 waliwapa visukuku jina hilo, wakidhani kwamba ukoo huo ulikwisha kutoweka. Mwaka 1938 samaki mwenyewe alipatikana Afrika Kusini. Na mwaka 1952 alipatikana Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua na kumwita gombesa. Je, tuliache silikanti na kulichukua gombesa, neno la jamaa zetu? Hatuoni haja. Silikanti halimtatizi msemaji, na tangu mwaka 2009 limo katika jina la hifadhi ya bahari ya Tanga. Hata hivyo, gombesa listahili kuingizwa katika kamusi kama kisawe chake.

Tusilolikubali ni "kisukuku hai". Kisukuku ni mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, na jiwe halipumui. Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno iliyobeba mzaha wa lugha nyingine. "Samaki wa ukoo wa kale" yatosha.

Kosa kubwa zaidi limo katika maelezo ya uvuvi. Mvuvi wa Komoro hutoka usiku kwa ngalawa, akashusha mshipi wenye ndoana na chambo, na jiwe likiwa ndilo chubwi. Anatafuta samaki wengine wa kina. Gombesa humjia bila kutarajiwa. Mfasiri asiyeijua pwani huandika "kamba" mahali pa mshipi na "uzito" mahali pa chubwi, kana kwamba lugha yetu haina maneno hayo. Huko Tanga silikanti wamenaswa zaidi katika majarife yaliyotegwa kwa ajili ya papa. Kwa hiyo kusema kwamba silikanti "huvuliwa" si sahihi sana. Kuvua kuna nia. Kunaswa kwaweza kuwa ajali. Anayesoma kwamba wavuvi "wanavua silikanti" atawahesabu kuwa wahalifu, hali wao walitega papa.

Vivyo hivyo neno "nyavu". Tangazo likisema kwamba nyavu zinamwangamiza silikanti, mwenye wavu wa dagaa ataliona linamhusu na kuhofia riziki yake, na mwenye jarife atapata mwanya wa kujificha nyuma ya mwenzake. Likiandikwa "jarife linalotegwa katika maji ya kina", kila mtu atajua anaambiwa nani.

Rai yetu ni kwamba silikanti libaki, kisukuku hai kiachwe, na maneno mshipi, chubwi na jarife yapewe nafasi yake katika vitabu vya uvuvi na matangazo ya serikali. Istilahi sanifu isiyoeleweka ufukweni haitamwokoa samaki, wala haitamtendea haki mvuvi.