Jiji Lisilo na Msafiri: Uhakiki wa Tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake kwa Jicho la Mtazamaji wa Endasak

1.0 Utangulizi

Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Kazi ya kuingiza sauti ilifanywa na Redio China Kimataifa, ambayo matangazo yake ya Kiswahili yalianza mwaka 1961. Tarehe 25 Machi 2013, Rais Xi Jinping alipohutubia jijini Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo kuwa imewawezesha Watanzania kuyafahamu maisha ya familia za kawaida nchini mwake. Tangu hapo imezoeleka kutajwa kama ushahidi wa urafiki wa mataifa mawili. Kuisoma kama kazi ya sanaa ni jambo la nadra.

Makala haya yanaisoma kama kazi ya sanaa, na hasa kama taswira ya jiji. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: mtazamaji wa Kiswahili ambaye hajafika China anaoneshwa nini, na nani anayemwonesha? Hoja kuu ni kwamba tamthilia inamfikisha mtazamaji mahali ambapo wasafiri wa Kiswahili hawakufika kwa urahisi, yaani ndani ya nyumba. Lakini inamfikisha huko bila msafiri. Kukosekana kwa msafiri huyo ni pengo katika fasihi yetu, na haliwezi kuzibwa na tafsiri, hata iwe nzuri kiasi gani.

2.0 Mahali pa Kutazamia

Nadharia ya Upokezi, kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss, inatufundisha kwamba kila hadhira huipokea kazi ikiwa na upeo wake wa matarajio. Kwa sababu hiyo, kauli kama "Watanzania waliipokea tamthilia" ni pana mno kumfaa mhakiki. Makala haya yanachagua mahali pamoja pa kutazamia: Endasak, wilayani Hanang, mkoani Manyara, kwenye barabara kuu itokayo Babati kwenda Katesh.

Sababu ya uteuzi huo ni ya kilugha. Wakazi wengi wa eneo hili ni Wairaqw na Wadatoga. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi na Kidatoga ni ya Kiniloti. Kiswahili, lugha ya Kibantu, huja kwa wengi kama lugha ya pili. Hivyo, tamthilia iliyotoka Kichina kwenda Kiswahili haijafika mwisho wa safari inapofika Endasak. Mtazamaji anaifasiri tena, kimyakimya, kwa mizani ya ukwe anaoujua nyumbani.

3.0 Kutoka Zama hadi Ukwe

Anwani ya asili ya tamthilia, Xifu de Meihao Shidai, inaweza kufasiriwa "Zama Njema za Mkazamwana". Ina mambo mawili: mkazamwana, yaani mke wa mwana, na zama. Anwani ya Kiswahili imeyaondoa yote mawili. Badala ya mkazamwana tumepewa jina la mtu, Doudou. Badala ya zama tumepewa mama wakwe, tena kwa wingi. Wingi huo unatokana na kisa chenyewe: Doudou ni muuguzi anayeolewa na Yu Wei, kijana ambaye wazazi wake wametalikiana, hivyo anajikuta na mama mzazi wa mumewe pamoja na mke mpya wa baba mkwe.

Mabadiliko haya yana faida. Anwani ya Kiswahili inachekesha, na inamwahidi mtazamaji kisa anachokijua. Hata hivyo, yana gharama. Anwani ya asili inatoa dai kuhusu wakati: kwamba China ya leo ni zama mpya kwa mwanamke aliyeolewa. Dai hilo lingeweza kupimwa na kupingwa. Anwani ya Kiswahili imelifuta, na kilichobaki ni ugomvi wa ukweni, jambo linaloonekana kuwa la watu wote na la nyakati zote. Jiji limepoteza historia yake kabla ya sehemu ya kwanza kuanza.

Aidha, Kichina hutenga neno la mama wa mume na neno la mke wa mwana. Kiswahili kinalo neno mkazamwana, lakini katika mazungumzo ya kawaida neno mkwe hutumika pande zote mbili: huyu ni mkwe wangu, nami ni mkwe wake. Usawa huo wa neno unaulainisha mpangilio wa vyeo ambao ndio chanzo cha mgogoro wa tamthilia.

4.0 Ugeni wa Jiji Umo Katika Ulimi

Mtu angetarajia kwamba mtazamaji wa Endasak angeliona jiji la Beijing kuwa geni kwa sababu ya maghorofa, magari na msongamano wake. Lakini maghorofa ameshayaona katika filamu nyingine. Ugeni wenye uzito uko kwingine.

Utafiti wa mwanaisimu Alice Mitchell kuhusu Wadatoga, uliochapishwa mwaka 2015, unaeleza mwiko wa mwanamke aliyeolewa kutamka jina la baba mkwe na ya wakwe wengine wakubwa. Mwiko hauishii kwenye jina: maneno ya kawaida yanayofanana na jina hilo kwa sauti nayo huepukwa, na yako maneno mbadala ya kushika nafasi yake. Heshima ya ukwe, kwa hiyo, imo ndani ya msamiati wenyewe; mke hujifunza lugha upya anapoolewa.

Tukiiweka tamthilia mbele ya upeo huo wa matarajio, sura ya jiji hubadilika. Doudou anapatanisha, anatania, anabishana na wakwe zake chini ya paa moja. Kwa mtazamaji aliyelelewa katika mwiko huo, jiji ni mahali ambapo mkazamwana ana ruhusa ya kusema. Uamuzi kwamba ruhusa hiyo ni ukombozi au ni utovu wa adabu ni wa mtazamaji. Hapa ndipo tamthilia inapofaulu kuliko sifa za kidiplomasia ilizopewa: inaibua swali la kweli katika nyumba isiyokuwa imekusudiwa.

5.0 Msafiri Anayekosekana

Nathari ya Kiswahili ina mapokeo ya muda mrefu ya kuandika miji ya ugenini. Salim bin Abakari alisimulia safari yake ya mwaka 1896 kupitia Urusi na Siberia akiwa na Mjerumani Theodor Bumiller. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten. Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, alichapisha mwaka uliofuata Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Waandishi hawa wanatofautiana kwa cheo na kwa nia, lakini msimulizi wa kila mmoja anasimama ndani ya mji, analinganisha na kwao, na anajua kwamba naye anatazamwa. Salim hashangai tu, anashangaliwa.

Katika Doudou hakuna wa kushangaliwa. Sauti ni za Kiswahili, lakini hakuna macho ya Mswahili. Matokeo yake yanaonekana wazi zaidi upande wa sanaa. Eneo la 798 jijini Beijing lilijengwa miaka ya 1950 kuwa viwanda vya vifaa vya elektroniki, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Leo ni mtaa wa majumba ya maonesho na karakana za wasanii. Msafiri kutoka Tanzania asingepita hapo bila kukikumbuka kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na bila kuuliza jengo la msaada huwa la nani msaada unapokwisha. Vivyo hivyo, mjini Changchun kuna makumbusho ya sanaa za Afrika yenye majina ya Li Songshan na mkewe Han Rong. Li alisoma Kiswahili. Wawili hao waliishi Tanzania na kukusanya vinyago vya Kimakonde. Vinyago vimesafiri. Maandishi ya Kiswahili yanayopaswa kuvifuata, kuvieleza na kuvihoji mahali vilipo ni haba.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu hauilaumu tamthilia kwa kutokuwa kitabu cha safari. Imefanya ambalo Kayamba, mgeni rasmi wa London, asingeweza kulifanya kwa ukamilifu: imetuketisha jikoni mwa watu. Lakini mwenye nyumba ndiye aliyechagua mlango wa kutuingizia, chumba cha kutukalisha, na hata sauti ya kutusimulia. Ukarimu huo unastahili shukrani. Haustahili kuchukuliwa kuwa ndiyo maarifa yote.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa fasihi ya Kiswahili wakusanye masimulizi ya wanafunzi na wafanyabiashara wanaokwenda Beijing na Guangzhou, na kuyahakiki kama utanzu wa nathari, kwa vigezo vilevile tunavyowatumia Salim na Kayamba. Mtazamaji wa Endasak ameshathibitisha kwamba anaweza kulisoma jiji la mbali kwa mizani yake mwenyewe. Anachostahili sasa ni msimulizi aliyekanyaga barabara zake, atakayemwambia pia jinsi jiji hilo lilivyomtazama.