Nomino Bean ya Kiayalandi na Asili ya Wingi Wake

Nomino bean ya Kiayalandi, yenye maana ya mwanamke na pia mke, huwekwa na vitabu vya sarufi miongoni mwa nomino zisizofuata kanuni, kwa kuwa wingi wake ni mná, na umbo hilohilo hutumika katika uhusika milikishi wa umoja, yaani umbo linaloonyesha mwenye kitu, ilhali milikishi ya wingi ni ban. Hata hivyo, kuliita neno hili korofi ni kulionea, kwa maana maumbo yake yametokana na utaratibu wa kale uliokuwa kamili.

Chimbuko lake ni lugha asilia ya Kihindi-Kiulaya, ambamo neno la mwanamke lilianza kwa sauti gw, na ndilo lililozaa pia gune ya Kigiriki cha kale, zhena ya Kirusi na queen ya Kiingereza, ambayo siku hizi humaanisha malkia. Katika tawi la Kikelti gw iligeuka b. Mkazo nao ulihamahama kulingana na kazi ya neno katika sentensi: ulipokaa kwenye mzizi, irabu ya mzizi ilidumu, ikapatikana bean, ulipohamia kwenye kiishio, irabu hiyo ilidondoka, b ikapakana na n, ikavutwa na unazali wa jirani yake hadi ikawa m, na hivyo kuzaa mná. Katika milikishi ya wingi, n yenyewe ilibeba silabi, kama m inavyofanya katika mtu ya Kiswahili, kisha ikatanguliwa na irabu a, ndiyo maana b ya ban ilisalimika.

Mwanzo wa neno hubadilika pia kwa kuathiriwa na kibainishi kinachotangulia: an bhean, mwanamke yule anayejulikana, hutamkwa kwa v, ilhali katika na mban, ya wanawake, b huandikwa bila kutamkwa, kwa kuwa imefunikwa na m. Ndivyo ilivyo katika Cumann na mBan, chama cha wanawake kilichoanzishwa Dublin mwaka 1914, na katika Sliabh na mBan, mlima wa Tipperary. Tahajia hii, ambayo wageni huilalamikia, inastahili heshima, kwa sababu humwezesha msomaji kuuona mzizi hata sikio linapoukosa; vivyo hivyo, wasemaji wengi wa kaskazini na magharibi hutamka mrá, lakini n ya kale bado huandikwa.