Ardhi Isiyomeza: Riwaya ya Tomás Rivera

Anayeapa kwetu huomba ardhi ipasuke immeze. Kiapo hiki kilinijia niliposoma riwaya ya pekee ya Tomás Rivera, *...y no se lo tragó la tierra*, iliyotoka Berkeley, California, mwaka 1971. Tafsiri ya Kiingereza iliyochapwa pamoja nayo ilisema ardhi haikupasuka. Ile ya 1987 ikasema haikumla. Kihispania chenyewe chasema haikummeza. Vitenzi walivyogawana wafasiri wale, sisi tunavyo katika pumzi moja.

Rivera alizaliwa 1935 Crystal City, Texas, kwa wazazi vibarua wa asili ya Mexico waliohama kila mwaka kufuata mavuno kaskazini. Yeye naye alivuna. Mwaka 1970 alitunukiwa tuzo ya kwanza ya Quinto Sol, iliyowafungulia mlango waandishi wa Kichicano. 1979 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Riverside. 1984 akafariki, umri miaka 48.

Katika sura inayokipa kitabu jina, mvulana asiyetajwa jina amekwisha kupoteza mjomba na shangazi kwa kifua kikuu. Baba ameangushwa na jua shambani. Mama hana ila dua. Mdogo wake naye anapoanguka, mvulana, akimbeba kumrejesha nyumbani, anamlaani Mungu. Msomaji wetu atashtuka. Nami nilishtuka, nikakifunga kitabu hadi kesho yake. Lakini Rivera haitetei kufuru wala haiadhibu. Anamwonyesha mtoto akingoja kwa hofu, kisha akihisi udongo ungali mgumu chini ya nyayo. Kinachomtoka pale ni woga, na woga ndio uliowafanya wazee wake wakubali kila walilotendewa.

Wapenzi wa mashairi wasimpite Bartolo, malenga anayeuza tungo zake mjini. Zinakwisha upesi, kwa kuwa majina ya watu wa mji yamo ndani yake.

Sura ya mwisho sikuipenda yote. Mvulana, amejificha chini ya nyumba, anazikusanya sauti zote tulizokwisha kuzisikia, na hapo mwandishi anaeleza mno. Kisha anatoka, anapanda mti, anaona kwa mbali mti wa jamii ya mnazi, anawaza kuwa kileleni yupo mtu anayemtazama, naye anampungia mkono.