Usiangalie Jembe Likiwa Hewani

Kwenye sherehe moja mkoani Geita, mshereheshaji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba kikundi kilichotoka uwanjani ndicho chenye bugobogobo halisi ya mababu, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma. Meza kuu ikapiga makofi. Mgeni mmoja akainuka kwenda kutuza, na kesho yake kipande cha video kikawa kinazunguka kwenye simu za watu wazima wenye akili zao, wote wanasifia. Mimi nilikuwepo. Majembe yalikuwa ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha. Ngoma zilikuwa tatu, mbili zimelegea, na kinanda cha umeme kimewekwa nyuma kufunika aibu. Wachezaji walijipanga mstari mmoja kuelekea kwa wakubwa, wanatabasamu kama wahudumu wa ndege. Hakuna aliyetoka jasho.

Kikundi chenyewe sikilaumu sana, maana kilifanya kazi kiliyolipiwa. Ninaowalaumu ni waliopiga makofi. Ngoma za mashindano za Usukumani kwa asili hazina jaji mwenye karatasi na kalamu. Tangu karne ya 19, tangu Ngika na Gumha walipoyagawa makundi ya wachezaji kuwa Bagika na Bagalu, utaratibu ni uleule: makundi mawili yanaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, yanapiga kwa pamoja, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Anayebaki na watu ndiye mshindi. Kura ni miguu. Sasa mtazamaji akiwa hajui anachokitazama, kura yake inamfundisha mchezaji ujinga, na msimu ujao mchezaji atarudi na ujinga huohuo umeongezwa chumvi.

Basi, msimu ndio unaanza. Mvua zikishakatika mwezi wa Mei, mpunga na mtama vikishaingia ndani na pamba ikianza kwenda mizani, vijana wanapata nafasi na senti kidogo mfukoni. Kuanzia Juni mpaka Agosti hakuna Jumapili isiyo na ngoma mahali fulani kati ya Shinyanga na ziwa. Wengi husubiri sherehe kubwa: Bulabo kule Bujora, Kisesa, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, palepale ambapo Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Au husubiri Sabasaba na Nanenane. Mimi nasema nenda mapema, nenda kwenye mashindano ya kwanzakwanza, yale ya uwanja wa shule ya msingi, hata kama nyimbo bado zinasahaulika na mavazi hayajakamilika. Mwezi wa Agosti kila kikundi kimeshajua pa kuficha udhaifu wake. Mwanzoni mwa Juni bado hawajui, kila kitu kiko wazi.

Fika kabla ya saa uliyoambiwa, utafute moto. Utakuta ngoma zimezunguka kijimoto cha nyasi na mabua, kidogo tu, hakipaswi kuwa na ndimi ndefu. Ngozi ya ng'ombe iliyolala ndani msimu mzima wa mvua imenywa unyevu, na ile iliyowambwa upya mwezi uliopita bado inaendelea kujinyoosha. Ukiipasha leo saa nane mchana inalia vizuri, wimbo wa tatu imeshuka. Kikundi makini kina mtu wa moto ambaye kazi yake ni hiyo tu: hachezi, haimbi, anachukua ngoma moja kutoka kwa mpigaji huku nyingine ikirudi, na wewe uliye uwanjani huwezi kusikia pengo. Kikundi kibovu kinapasha ngoma zote kwa mkupuo mwanzoni, kisha kinakaza mikono kadiri sauti inavyozama. Ukiona mpigaji anazidi kunyanyua fimbo juu, usidhani amepandwa na mori. Ngozi imemkimbia.

Nilimfahamu mzee mmoja wa Usanda, mwambaji wa ngoma, ambaye hakuruhusu mtu kujaribu ngoma yake kwa fimbo. Aliigonga kwa ukucha, pembeni, akizunguka ukingo wote taratibu na sikio limeinamia ngozi. Sauti ikibadilika mahali, ujue kamba za upande ule zimevutwa zaidi ya nyingine. Siku moja aliletewa ngoma na kijana aliyejivuna kwamba ameiwamba kwa siku moja. Mzee akazunguka na ukucha wake, akairudisha. "Mwanangu, hii uliiwamba ukiwa na njaa." Kijana akakiri kwamba ni kweli, siku ile hakuwa amekula.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Katika bugobogobo, jembe linarushwa. Linazungushwa mkononi, linapita nyuma ya mgongo, linasimamishwa kidevuni kwa mpini, halafu linapaa juu na kugeukageuka huku jua likiangaza kwenye bapa lake. Uwanja mzima unainua shingo. Watoto wanapiga kelele, simu zinainuliwa. Na hapo ndipo kila mtu anakosa kitu chenyewe, kwa sababu jembe likiwa hewani halina la kukueleza. Chuma kilichorushwa kitarudi, hilo halihitaji ufundi. Tazama miguu ya aliyelirusha. Bora zaidi, fumba macho usikilize njuga za miguuni mwake.

Mchezaji wa kawaida akirusha jembe, macho yake yanalifuata, mwili unajiandaa kulidaka, na miguu, bila yeye kujua, inasimama. Njuga zinanyamaza kwa mapigo mawili, matatu. Ngoma zinaendelea, kwa hiyo mtazamaji hasikii kitu. Jembe likishatua mkononi miguu inaanza tena na watu wanashangilia kudaka. Mchezaji wa kweli akirusha jembe, njuga hazibadiliki hata chembe. Ukifumba macho huwezi kujua ni lini jembe lilipaa na ni lini lilitua. Kikundi cha watu ishirini kikirusha kwa pamoja na njuga zikabaki vilevile, nywele zinasimama.

Si urembo tu, kuna sababu, na ipo shambani. Kabla ya bugobogobo kupanda majukwaani, ilikuwa kazi. Vijana chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, walialikwa kulima shamba la mtu, wanapanga safu, ngoma inakaa mbele yao, na majembe yanashuka kwa pigo moja. Nyimbo nyingi za kulimia zilikuwa zimetoka kwa Banunguli, wawindaji wa nungunungu, zikahamia kwenye jembe. Kijana akitaka kuringa, alirusha jembe lake kati ya pigo na pigo. Lakini safu haimsubiri mwenye kuringa. Wenzake wanasonga mbele, kwa hiyo miguu yake lazima isonge nao, na jembe likirudi lishuke ardhini pamoja na ya wengine, vinginevyo anaacha kipande hakijalimwa na mwenye shamba anakiona. Mguu unaosimama ni mguu ambao haujawahi kulima katika safu.

Kule Salawe, miaka mingi iliyopita, niliona mashindano ambayo wasiojua wangesema Bagalu wamepoteza. Mchezaji wao mkongwe, mtu mwenye mvi, alirusha jembe juu kuliko wote, na lilipokuwa likishuka hakulitazama, alikuwa anamtazama kijana wa kulia kwake ambaye alikuwa ameanza kupotea pigo. Jembe likampita, likaanguka chini. Njuga za mzee hazikukatika. Akapiga hatua nne palepale, akainama kwenye pigo, akaliokota kwenye pigo, akainuka kwenye pigo. Upande wa pili Bagika walikuwa hawajaangusha jembe hata moja jioni nzima. Basi wazee waliokuwa kwa Bagika wakaanza kuvuka uwanja, mmoja, wawili, kisha kundi zima. Jembe lililoanguka waliliona, ila walikuwa wamekuja kusikiliza miguu.

Na kwa kuwa siri hii imeanza kujulikana, matapeli nao wameshaitafutia dawa. Katoro niliona kikundi ambacho njuga zake hazikukatika kamwe, hata wachezaji walipokuwa wamesimama wima wakinywa maji. Nyuma ya ngoma kubwa alikuwa amekaa mtoto na fungu la njuga zilizofungwa kwenye kijiti, anatikisa. Namna ya kumgundua ni rahisi: njuga za kweli zinasikika uwanja mzima na zinahama na watu. Zikitoka sehemu moja tu, kamtafute mtoto.

Hila nyingine ni za kizamani na karibu zinapendeza. Kikundi kijanja huwahi upande wa mashariki wa uwanja. Kiangazi upepo wetu huvuma kutoka huko, kwa hiyo vumbi lote la miguu yake linawaendea wapinzani, na jioni mtazamaji anayekitazama analipa jua mgongo. Wa upande wa pili anakodoa macho kwenye mwanga na anakohoa. Wengine wanakodi watu: waendesha bodaboda kumi wakipewa soda na nauli watasimama popote na kupiga mayowe, na umati hufuata umati. Kuhusu dawa za mvuto, ile samba ya kuogea kabla ya mashindano, sitabishana na mtu. Nchi hii imemlea mcheza ngoma Ng'wanamalundi, aliyefariki 1936 na ambaye simulizi zinasema alikausha mti kwa kuunyooshea kidole. Ila naona wanaooga zaidi ndio wanaofanya mazoezi kidogo.

Bayeye, wacheza na nyoka, ni somo refu, nitagusa tu. Chatu hana sumu. Mshereheshaji anayetetemeka akimtangaza chatu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Tazama mdomo wa nyoka, maana nimeona ulioshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, jambo la aibu na la ukatili. Tena asubuhi ya Juni kuna baridi, na nyoka aliyelegea mikononi mwa mtu saa mbili asubuhi amelegezwa na baridi. Mwambie mchezaji amrudishe saa tisa, jua likiwa kali, ndipo tuzungumze.

Ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, naye apimwe kwa wimbo mpya. Mwanzoni mwa msimu anakuja na matusi mapya kwa wapinzani, bei ya pamba, kashfa za kijijini. Usisikilize sauti yake, sikiliza wanaomwitikia. Kama wanaitikia kwa nguvu mstari wa mwisho tu, hawajaujua wimbo, na ningi aliyewaleta uwanjani hivyo amewadharau watazamaji.

Mengine sitayatolea sababu, yachukueni hivyo hivyo. Mpiga ngoma kubwa hatabasamu. Mchezaji hachezi na miwani ya jua. Jembe liwe lililotumika, bapa lake limelika upande mmoja, na mpini umeng'aa kwa viganja vya watu. Kikundi kinachoelekea upande mmoja tu kinacheza kwa ajili ya kamera. Duara ndiyo ngoma, na mtazamaji anayetaka kuona azunguke. Vikundi vya jukwaani vya Dar es Salaam vilituletea tabia ya kumpa mgeni rasmi nyuso zote, mgongo ukabaki kwa watu wa kijiji ambao ngoma ni yao.

Najua nitaambiwa nyakati zimebadilika. Zimebadilika kweli. Plau ya ng'ombe na trekta vimemaliza safu za majembe mashamba mengi, na kijana wa Geita anayeingia bugobogobo leo mkono wake umezoea sururu na moko za mgodini kule Nyarugusu au Rwamgasa. Analishika jembe kama kitu cha kuazima. Lakini msiniambie ni fedha ya migodi ndiyo iliyoharibu. Mgodi wa Mwadui ulianza 1940, na wazee wangu walikuwa wakipokea mshahara wa almasi Jumamosi na kucheza Jumapili, njuga zikilia mpaka giza. Tofauti ninayoiona ni kwamba walipocheza vibaya watu waliondoka. Kimyakimya, bila matusi, walivuka uwanja tu. Siku hizi mwenye shimo la dhahabu anasimama, anabandika noti kwenye paji la uso la yule aliyerusha jembe juu zaidi, na umati mzima unamfuata yeye.

Kama nawe una noti ya kutuza, nenda nyuma ya ngoma, kwenye moshi. Mtafute yule kijana wa moto, mwenye macho mekundu na masizi mikononi, ambaye hakuna anayemkumbuka na ambaye bila yeye ngoma zingekuwa zimezama tangu wimbo wa tatu. Mpe yeye. Atashangaa kidogo, kisha atakuuliza kama unataka kuona ngoma au utasogea, maana unamzuia upepo.