Utamu Unaosubiriwa

Kakao haioti Marani, katika Kaunti ya Kisii nchini Kenya. Vilima hivi vya Gusii vimejaa migomba, chai, miwa, mahindi na miparachichi, lakini mkakao hutaka joto la nchi za chini, na baridi ya jioni ya huku haiufai. Kakao iliyo karibu nasi iko Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori upande wa Uganda. Iko Beni, mashariki mwa Kongo. Iko Kyela nchini Tanzania, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mkakao hupandwa kivulini, na mara nyingi kivuli hicho ni cha mgomba. Tunda likishapasuliwa, mbegu hurundikwa pamoja na utando wake mweupe, hufunikwa kwa majani ya mgomba, kisha huachwa zichachuke siku tano, sita au saba. Kwa hiyo mama wa Marani anapoponda ndizi mbivu na kuichanganya na unga wa kakao, hakutanishi wageni. Hao walikuwa majirani tangu shambani.

Ninausifu ufundi wa kutengeneza peremende za chokoleti nyumbani bila sukari nyeupe, na ninachokiheshimu zaidi ndani yake ni subira. Sukari ya kiwandani haina subira. Ukimimina kikombe kimoja, kila kilichomo sufuriani huwa kitamu papo hapo, tena kitamu kwa namna ile ile, hata peremende kumi za dukani zikafanana ulimini. Utamu wa namna nyingine ni lazima uungojee. Nyama ya ndizi mbichi ina wanga wa gramu 20 hivi katika kila gramu 100. Ndizi hiyo hiyo ikiiva hadi ganda liwe na madoa meusi, wanga hubaki gramu moja au mbili tu. Ule mwingine umegeuka sukari ndani ya ganda, na hakuna aliyetia kitu. Kakao nayo ikitoka shambani ni chungu na ina ukakasi unaokausha mdomo. Kuchachuka huupunguza ukakasi huo, na kukaangwa huitoa ile harufu ambayo sote huiita chokoleti.

Malori yanayobeba ndizi za Kisii kwenda Nairobi na Kisumu huzitaka mbichi, ngumu, zenye kustahimili safari. Zinazoivia sokoni hushuka bei kila saa, na jioni muuzaji huziachia kwa chochote atakachopewa. Hizo ndizo zinazotakiwa hapa, hasa zile fupi za kisukari. Zimenye, zichane kwa urefu, zitandaze. Kuzikausha ndiko kugumu, kwa maana Gusii ni nchi ya mvua: asubuhi jua kali, alasiri mawingu yamejaa, na kipande cha ndizi kilicholoa mara moja huanza kuchacha. Mwenye ovene azikaushe kwa moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Mwenye jiko la makaa huziweka kwenye wavu juu sana, pale joto linapofika lakini moshi haufiki, na huzigeuza mara kwa mara. Zimekauka vya kutosha zinapopinda bila kutoa maji wala kukatika. Rangi yake sasa ni ya kahawia na harufu yake imekaribia ya asali.

Karanga hazitoki mbali. Kaunti ya Homa Bay, jirani yetu, hulima nyingi. Zikaange bila mafuta kwa moto wa polepole, zipoe, zifikiche, uzipepete kwenye uteo hadi maganda yaishe, kisha uzitwange. Mwanzoni utapata unga mkavu na utadhani hakuna zaidi. Endelea kutwanga. Mafuta yaliyomo ndani ya karanga hujitokeza yenyewe, na unga ukawa rojo laini linalong'aa.

Kuhusu mafuta kuna jambo la kueleza. Unga wa kakao tunaoununua madukani ni matokeo ya mtambo ambao Van Houten wa Uholanzi aliupatia hataza mwaka 1828, mtambo wa kukamua mbegu zilizosagwa ili siagi yake itoke na kubaki makapi yanayosagika kuwa unga. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, iliurudishia unga huo siagi ya kakao na sukari, ikapata chokoleti ya kutafuna. Karne nyingi kabla ya hapo, wenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati walikuwa wakiinywa kakao pamoja na mahindi na pilipili, na miwa haikuwa imefika kwao. Kwa hiyo anayetengeneza peremende nyumbani kwa unga wa kakao anarudia kazi ya Fry bila kurudia sukari yake: anarudisha mafuta yaliyoondolewa.

Siagi ya kakao ni bora kuliko zote, ila ni ghali na haipatikani kila mahali. Mafuta ya nazi kutoka Pwani yanaweza kushika nafasi yake, na hapa Marani imebarikiwa. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mombasa, peremende iliyotengenezwa nayo huwa majimaji kabla haijafika mezani. Gusii, ambako mji wa Kisii wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, chumba kisicho na friji hukaa chini ya kiwango hicho sehemu kubwa ya siku, na peremende huganda yenyewe kwenye sahani. Mafuta hayo yatumike kwa kipimo. Ni mazito kwa moyo yakizidi.

Mwenye siagi halisi ya kakao anaweza kwenda mbali zaidi. Ikigandishwa vyema huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo sababu hubaki ngumu vidoleni kwa muda na kulainika mdomoni. Ili igande hivyo, chokoleti nyeusi iliyotengenezwa nayo hupashwa hadi nyuzi 45 au zaidi kidogo, hupozwa huku ikikorogwa hadi 27 au 28, kisha huinuliwa tena hadi 31. Fundi asiye na kipimajoto hugusisha tone chini ya mdomo wa chini: likihisika baridi kidogo, limefika. Na maji yakae mbali. Tone moja likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka, chembe zake hushikana na kukakamaa kama udongo wa mfinyanzi. Asali nayo ina maji, karibu sehemu moja katika sita, na huleta msiba huo huo.

Sasa sukari guru, ambayo magharibi mwa Kenya hatuwezi kuikwepa. Miwa hukamuliwa, maji yake huchemshwa kwenye karai pana juu ya moto wa makapi ya miwa yale yale, chokaa kidogo hutiwa ili uchafu upande juu, povu huenguliwa tena na tena, na uji mzito unapofikia kiwango chake humiminwa kwenye vikasha ugande. Ni kazi ya mikono na macho, na ladha yake ina kina ambacho sukari nyeupe haina: moshi kidogo, chumvi kidogo, uchungu kidogo. Ninaipenda. Lakini wanaoiuza kama tiba wanawapotosha watu wenye kisukari. Sehemu yake kubwa ni sukari ile ile, na madini yaliyosalia ni machache mno kubadilisha hesabu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Asali imo katika hesabu hiyo, na sukari guru imo. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo; huko huja pamoja na nyuzinyuzi, na mwili huipokea polepole. Hapo ndipo ndizi inapoishinda asali. Asali, tena, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi kabisa. Hata ndizi kavu si ya kula bila kiasi: imekusanya utamu mwingi mahali padogo, na hunata menoni.

Vipimo ni hivi. Gramu 150 za ndizi kavu zitwangwe hadi zishikane. Gramu 100 za rojo la karanga. Gramu 50 za unga wa kakao. Vijiko vitatu vya mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi hiyo usiisahau, kwani huufanya utamu mdogo usikike mkubwa. Soma pakiti ya kakao kabla ya kununua: iliyotiwa alkali ni nyeusi na laini kwa ladha, lakini imepoteza sehemu ya kemikali zile zinazoifanya kakao isifiwe kiafya. Kanda, finyanga vidonge, vibingirishe kwenye wimbi lililokaangwa hadi likaanza kuruka sufuriani. Wimbi, ambalo Gusii huliita obori na kulipa heshima kuliko mahindi, lina kalisi ya miligramu 340 hivi katika gramu 100, na punje zake hulia menoni kabla ya chokoleti kulainika. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Ukiacha mafuta ya nazi, kilichosafiri mbali katika bakuli hili ni kakao. Kakao nyingi ya Afrika Mashariki huvuka bahari ikiwa mbegu, na chokoleti inayorudi rafuni ni ghali. Mutwanga, katika wilaya ya Beni, kuna kiwanda kilichoanzishwa chini ya Hifadhi ya Virunga kinachotengeneza chokoleti karibu na mashamba yenyewe, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Ningependa kuona gunia la mbegu zilizochachushwa na kukaushwa likishushwa katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Vyombo tayari tunavyo: sufuria ya kukaangia, uteo wa kupepetea maganda, kinu na mchi. Anayejua kuandaa karanga hana mengi ya kujifunza.

Peremende zenyewe ziwekwe kwenye bakuli lenye kifuniko, zikitenganishwa kwa vipande vya jani la mgomba lililobabuliwa motoni na kupanguswa likakauka. Zitadumu karibu wiki moja, si zaidi, kwa sababu ndizi bado ina maji kidogo na hakuna dawa ya kuhifadhi ndani yake. Tengeneza chache. Kidonge kimoja kwa mtoto baada ya chakula, viwili kwa mtu mzima na chai isiyotiwa sukari, maana chai yenye sukari itaufuta kabisa utamu wa ndizi.